Cucu Wawili, Kisiwa Kimoja

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa. Ripoti imekuja. Maafa!

Hesabu: amezidi matarajio. Si kukaribia. Si kufikia. Kuzidi! Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni, nikitafuta kama wamechanganya na ya mtoto mwingine. Hawajachanganya. Wangechi wa Njau, Gredi ya Nne, Makongeni, Thika. Huyo ni wangu.

Mwezi wa tano nilimwahidi kwamba akizidi matarajio kwa hesabu nitampeleka kisiwani, bahari pande zote. Wakati huo alikuwa chini ya matarajio, na mwalimu alikuwa ameandika hivyo kwa kalamu nyekundu. Niliona ahadi yenyewe haina hatari yoyote. Kumbe mtoto alikuwa anaamka saa kumi na moja kufanya hesabu, na mimi nilidhani anaenda choo.

Mke wangu Maggie hakugomba. Hapo ndipo nilijua mambo ni mabaya. Alinikumbusha ile habari ya mwaka jana, nilipomwahidi mtoto baiskeli nikamletea kengele ya baiskeli, nikasema sehemu zingine zinakuja. Kengele bado iko. Ameifunga kwa kamba kwenye kitanda chake. Kisha Maggie akasema polepole, akiendelea kukunja nguo: "Njau, ukimdanganya huyu mtoto tena, sitagomba na wewe. Nitanyamaza tu." Nimewahi kuona Maggie akinyamaza. Zilikuwa siku tisa.

Mtoto mwenyewe nilipomwambia tunaenda, alisema sawa Daddy. Vile watu humjibu mlevi. Iliniuma. Hapa kwenye daftari langu sina haja ya kujifanya. Iliniuma sana.

Basi tunaenda! Nauza mapazia, na pesa zangu za siri huziweka ndani ya bomba moja la pazia dukani, lile lililopinda ambalo hakuna mteja atalitaka. Zinatosha watu wawili, tena wembamba, tena wasiopenda kula. Jioni nikafungua simu nikaandika kwenye grupu ya familia ya kina Maggie: "Cucu amenifurahisha sana mwaka huu. Mwezi huu huu nampeleka kisiwani. Bahari, samaki, kuogelea, kila kitu. Ni mimi Njau."

Hiyo ilikuwa ya Muriithi. Muriithi ni kaka yake Maggie, anaishi Membley, ana gari, ana geti la umeme, na hajawahi kumpeleka mtu mahali popote. Wacha alale akifikiria hayo.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeamka shujaa. Majibu arobaini na matatu! Baraka kutoka Juja, baraka kutoka Murang'a. Tata, yule mdogo wake mama mkwe, ameandika kwamba wakwe kama mimi waliisha miaka ya themanini. Nikashangaa kidogo. Haya yote kwa sababu ya hesabu?

Halafu ukaja ujumbe wa sauti kutoka Gitothua, wa mama mkwe mwenyewe, dakika nne. Ameomba. Ameimba ubeti mmoja. Amesema anamshukuru Mungu kwa mkwe wake, na kwamba tayari amenunua kofia.

Nikamuuliza Maggie kofia ni ya nini. Maggie akaketi sakafuni akacheka mpaka akajishika mbavu.

Haya, wacha niandike vizuri ili nielewe mwenyewe. Sisi tunajua vile watoto hupewa majina. Msichana wetu wa kwanza amepewa jina la mama yangu, na likizo hii yuko kwa huyo mama Gatanga. Wa pili amepewa la mama yake Maggie. Mama mkwe ni Wangechi, mtoto ni Wangechi. Na kwa sababu huwezi kufokea mtoto ukitaja jina la mama mkwe, ati Wangechi shuka hapo, Wangechi nitakuchapa, tangu azaliwe tunamwita Cucu. Nyanya. Cucu kunywa uji. Cucu toa kidole puani. Hapa nyumbani hakuna wa kuuliza. Lakini kwenye ile grupu ya familia Cucu ni mmoja, na ana miaka sabini na moja.

Ngai! Nimemwalika mama mkwe wangu kuogelea.

Nilikimbilia simu kufuta ujumbe. Nimechelewa. Muriithi ameshaupiga picha, ameurudisha hapo kwa grupu na ameuliza maneno mawili tu: kisiwa gani. Maggie naye amekataa kunisaidia. Anasema mkono ulioandika ndio utakaofuta.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya kanisa nimeenda Gitothua kusema ukweli. Nilibeba mkate na sukari. Njiani nilijifunza maneno: Mama, kumetokea makosa madogo ya majina. Yalitoka vizuri sana mpaka nilipofika.

Kwenye geti majirani wawili walinishika mkono kunipongeza. Ndani, kofia imetundikwa ukutani kando ya picha ya marehemu baba mkwe, ya waridi, pana kama sinia. Na mama mkwe alikuwa amechinja kuku. Tena yule mwekundu, wa mayai! Sasa mtu atatafunaje paja la kuku huyo huku akimwambia mwenye kuku hajaalikwa? Nikala.  Nikaongezwa supu.

Muriithi alikuwepo. Ajabu, kwa sababu Maggie anasema hajaonekana Gitothua tangu Pasaka, na Membley ni hapo tu. Alikaa akizungusha funguo za gari kwenye kidole. Akauliza ni kisiwa gani. Nikamwambia ataona. Akauliza tunaenda na nini. Nikamwambia pia hiyo ataona.

Niliporudi nyumbani Cucu mdogo aliniuliza kama sasa nyanya yake ndiye anaenda badala yake. Nikasema aca, hapana, tunaenda sisi wote watatu. Hakulia. Aliniuliza tu kama ile pesa imeongezeka. Mtoto wa kuzidi matarajio ni mzigo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Mombasa ni kisiwa! Kiko kwenye kitabu cha Cucu mdogo, na ramani imechorwa, maji kila upande. Basi la Mombasa ni la bei ya kutupa, chumba huko Majengo nitaomba kwa mtu ninayemjua, na bahari ni ya bure. Pesa zinatosha watu watatu, bora tuache chakula cha mchana.

Nikapiga simu Gitothua. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema Mombasa aliwahi kwenda na akina mama wa kanisa mwaka wa themanini na saba, na basi liliwafikisha mpaka mlangoni bila gurudumu kulowa. Kwa maoni yake, mahali ambapo lori la saruji linafika hapawezi kuitwa kisiwa. Nyuma ya simu nikasikia mtu akicheka. Muriithi! Yuko Gitothua tena, saa nne asubuhi, siku ya kazi!

Nikageukia Cucu mdogo anitetee, maana kitabu ni chake. Akasema mwalimu amewaambia kisiwani lazima uingie mashua.

Jumatano, 6 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Nimekutana na Kaleli.

Kaleli ana meza nyuma ya kinyozi mmoja hapa Thika mjini, na kwenye hiyo meza huuza safari. Ana mpango unaitwa Kisiwa cha Ndoto. Siku mbili, kulala, kula, na mashua pia. Kwenye picha kuna minazi na maji ya buluu mpaka unasikia joto. Uzuri wake ni huu: watu tisa wakilipa, wa kumi anaenda bure. Nikiwapata wa kujaza hiyo hesabu, mama mkwe anaenda bure na hakuna mtu atakayejua. Nikalipa malipo ya kwanza hapo hapo, karibu nusu ya bomba, kabla mtu mwingine hajaninyang'anya nafasi.

Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimetafuta watu. Wa kwanza ni Mutheu, fundi wa cherehani ambaye hunishonea mapazia, meza yake iko mkabala na duka langu. Akakubali. Mitchell wa saluni akakubali, lakini aliuliza kama kuna mtandao. Muoki, bawabu wa jengo letu, akakubali, lakini aliuliza kama kuna mamba. Saa sita nilikuwa na watu saba. Hakuna aliyetoa pesa. Kila mmoja alisema atalipa baada ya mwenzake.

Kisha Mutheu, mguu ukiwa bado kwenye cherehani, akaniuliza bila ubaya wowote: "Na wewe na mama mkwe wako mtaoga maji mamoja?"

Nimefunga duka saa nane mchana.

Muthoni! Nilisahau kabisa! Mama mkwe ni muthoni, mkwe wa kuonewa haya, na muthoni haonyeshwi hata goti. Kwa miaka kumi na mitano sijawahi kuvua koti mbele ya huyu mama. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele mimi natoka kwa mlango wa jikoni, hiyo ndiyo heshima, na tumeishi vizuri hivyo. Siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, nilikula nikiwa nimempa bega. Na sasa nimeandika mbele ya ukoo mzima, jina langu likiwa hapo chini, kwamba nitaenda kuogelea na yeye.

Sijaweza kula. Maggie ameuliza nina nini. Nimesema ni malaria.

Jumamosi, 9 Agosti

Wametuma mjumbe. Tata alitoka Juja asubuhi, na kijitabu mkononi.

Alikunywa vikombe viwili vya chai kabla ya kugusa jambo lenyewe. Akasema familia imefurahi na haina pingamizi, ila kuna mambo madogo madogo wangependa kujua. Kati ya chumba changu na cha mama mkwe kutakuwa na kuta ngapi? Nani atatangulia kwenda majini? Na mimi nitakuwa nimevaa nini?

Nikasema kaptura. Tata akafunga macho. Nikasema kaptura ndefu. Hakuyafungua. Tulizungumza karibu saa nzima, na tukafika kwa suruali ya suti, mshipi na soksi. Mama mkwe ataingia baharini upande mmoja, mimi upande mwingine, na mtoto atasimama katikati awe mpaka. Tata akaandika yote, akanipa kalamu, nikatia sahihi. Maggie alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka, halafu kicheko.

Wakati wa kuondoka Tata akasema vazi la mama mkwe la kuogea ni juu yangu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa vitambaa.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku mbaya, lakini imeisha vizuri. Wacha niandike kwa mpangilio.

Asubuhi. Vazi liko tayari. Nilichagua kile kitambaa kizito cha kuzuia jua, cha kuweka nyuma ya pazia, ambacho hakionyeshi kitu hata ukiweka taa. Mutheu ameshona kutoka shingoni mpaka kwenye vifundo, na mikono. Lilibaki jaribio la maji. Maggie alikataa kulivaa. Basi nikalivaa mwenyewe nikaingia kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba. Kitambaa kikanywa maji. Haiya, kilivyokuwa kizito! Nilishindwa kutoka. Kama mama mkwe angevaa hilo baharini tungerudi na kofia peke yake. Maggie na jirani walinivuta kwa makwapa, na jirani akauliza kama nimebatizwa upya.

Mchana. Nimemwonyesha Mutheu picha ya Kisiwa cha Ndoto ili nimtoe pesa. Akaiangalia sana. Akasema hapo anapajua. Ni mahali pa nyama choma, upande wa Matuu, na binamu yake alifanyia harusi hapo. Kuna kidimbwi, na katikati ya kidimbwi wamejaza udongo wakasimamisha minazi ya plastiki. Mashua iko. Inavutwa kwa kamba.

Nilikimbia mpaka kwa Kaleli na tepu ya kupimia shingoni. Hakushtuka. "Mimi sikukuambia bahari," akasema. "Nilikuambia kisiwa." Nikakumbuka mimi na Mombasa yangu tulikuwa tumefanya hivyo hivyo. Basi nikaketi. Nikakaa kwenye kiti cha wateja wa kinyozi mpaka saa kumi na mbili, na kila aliyekuja kunyolewa nikamweleza habari ya minazi ya plastiki. Mwisho Kaleli alinirudishia pesa yangu, ikiwa pungufu kidogo, na karatasi ya watu wawili kula mbuzi bure huko Matuu.

Nimepumua! Bomba limejaa tena karibu kama zamani. Wale saba pia nimewaambia safari haipo, na hakuna aliyehuzunika kwa sababu hakuna aliyelipa.

Jumanne, 12 Agosti

Muriithi ameandika kwa grupu. Ati amefikiria sana. Ati si haki mama yao apelekwe bahari na mkwe wakati ana mtoto wa kiume. Ati atampeleka Lamu. Kwa ndege!

Nilikasirika dakika mbili hivi. Kwa ndege! Huyu mtu ambaye akikualika chai anauliza kama umekunywa kwako! Kisha mwanga ukaniingia. Muriithi akimchukua mama mkwe, mimi nabaki na mtoto. Watu wawili. Pesa ya watu wawili. Hakuna muthoni, hakuna suruali ya suti, hakuna vazi la pipa. Nikaandika kwa unyonge kwamba nimeumia, lakini siwezi kusimama kati ya mama na mwanawe. Halafu nikafunga mlango wa duka nikacheza na bomba la pazia mpaka Muoki akaja kuangalia kama kuna mwizi.

Saa kumi mama mkwe akajibu. Anamshukuru sana Muriithi kwa moyo wake. Lakini aliyemwalika kwanza ni Njau, na yeye si mtu wa kumvunja Njau moyo.

Nivunje, Mama! Nivunje!

Alhamisi, 14 Agosti

Jana sikuandika. Jana nilimwona Cucu mdogo akirudisha nguo zake kwenye sanduku. Alikuwa amezipanga kwenye begi tangu siku ile ya ripoti, akazitoa moja moja, akazikunja.  Nilipomuuliza, alisema anataka tu zisikunjike. Na Maggie aliona, na hakusema kitu. Nikajua kunyamaza kumeanza.

Leo nimeenda Gitothua peke yangu, nimevaa koti. Bila mkate. Mkate huniletea kuku.

Mama mkwe alikuwa ameketi nje kwenye stuli, akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilisimama mbali kidogo, nikaangalia chini, nikasema yote mara moja. Kwamba huyo Cucu wa ujumbe ni mtoto. Kwamba pesa ni za watu wawili tu. Kwamba nimemwahidi huyu mtoto vitu vingi na sijatimiza hata kimoja, na hiki kikipotea hataniamini tena mpaka azae.  

Mama mkwe akatoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa.

"Njau, tangu umwoe huyu mtoto wangu, umewahi kuniita Cucu?"

Nikafikiria. Hapana. Mimi humwita Mama.

"Basi," akasema.

Alijua! Alijua tangu dakika ya kwanza! Akanieleza bila haraka, mikono ikiendelea na kazi. Muriithi amekaa Membley miaka sita. Alikuwa anakuja Krismasi na Pasaka, na hiyo Pasaka hata hakuzima gari. Tangu niandike ule ujumbe amekuja mara saba. Alikuja kuuliza kisiwa gani, akakaa. Akala. Akarekebisha bomba la jikoni. Juzi wameongea habari za marehemu baba yake mpaka chai ikapoa, kitu ambacho hawajawahi kufanya tangu wamzike. Yote kwa sababu hakutaka mkwe amshinde kwa mama yake mwenyewe.

"Kofia ilikuwa ya mia mbili," akasema. "Na nimepata mtoto wangu."

Nikauliza, na bahari je? Akasema maji mengi anayaogopa, hata ya tanki. Alikuwa amepanga mguu uanze kumuuma Jumanne ijayo. Na ndege ya Muriithi? Hiyo pia mguu ungeitosha. Lakini kwanza angemwacha aje mara kadhaa kupanga safari.

Aliniwekea masharti mawili. La kwanza, Muriithi asisikie chochote kutoka kwangu; mama mwenyewe atamwambia amechagua Lamu. La pili, niondoke na mtoto kesho, kabla sijapata akili nyingine.

Nilitoka nikaketi kwenye jiwe nje ya geti. Nikacheka peke yangu mpaka mama wa mboga akahamisha meza yake. Nimefurahi! Sijui kama nimewahi kufurahi hivi tangu nioe. Nikampigia Maggie, nikamwambia atoe zile nguo sandukuni. Maggie akaongea! Akaongea dakika kumi na mbili bila kupumua, akinitukana karibu muda wote, na nilisikiliza kila neno.

Jumapili, 17 Agosti

Wasini! Tumefika jana. Lori la saruji halifiki hapa. Hakuna gari hata moja.

Kutoka Shimoni tuliingia mashua ya injini pamoja na watu wa hapa, magunia ya unga na kuku wawili. Cucu mdogo alinishika kidole kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mimi nilishika ubao. Tumepata chumba kwa mama mmoja anayekodisha vyumba viwili nyumbani kwake, kitanda kimoja na mkeka. Mkeka ni wangu. Mimi na r na l hatujawahi kuelewana, na nilipomwambia tumekuja kukaa siku mbili na kura samaki, aliniuliza ni uchaguzi gani. Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Tunanunua sahani moja ya samaki na wali, tunagawana, na huyo mama anaongeza bila kuambiwa. Anasema nimekonda.

Nimeogelea kwa kaptura. Mara ya kwanza niliangalia nyuma kama Tata yuko.

Leo asubuhi mtoto alisema tutembee. Nikauliza tuende wapi. Akasema upande ule mwingine. Nikamwambia bahari ni hii hii, tena hapa kuna kivuli. Akasema nilimwahidi pande zote, na yeye ameona upande mmoja.

Nikaelewa. Alikuwa hajaamini bado. Amepanda basi, amepanda mashua, amekula samaki, na bado alikuwa anangoja kengele ya baiskeli.

Basi tukatembea. Njia ni ya mawe makali, viatu vyangu vya kanisa vimekwisha kabisa. Tukavuka hadi ng'ambo, tukafuata ukingo, tukauliza njia, tukapumzika, tukaendelea. Kila mahali akifika kwenye uwazi anasimama, anaangalia, anahesabu upande huo kwa kidole. Saa saba hivi tulitokea kwenye mawe ya mwisho, na mbele ilikuwa bahari tu, mpaka macho yanachoka. Akahesabu upande wa mwisho kwa kidole.

"Daddy," akasema, "ni kweli. Iko pande zote."

Nikamwambia nimeingiwa na chumvi machoni. Akanipa shali yake nijipanguse. Tulirudi polepole kwa sababu ya viatu, na njia yote alikuwa akiongea, habari za shule, habari za mwalimu, mambo ambayo sikuyajua kabisa. Sijui ni lini aliacha kuniambia mambo.

Jumatano, 20 Agosti

Tuko Thika. Bomba ni tupu, ukilipiga linalia. Sijali! Maggie amepika chapati siku ambayo si Krismasi. Muriithi amemchukua mama yake kwenda kununua viatu vya ndege, na mama mkwe amenipigia kusema mguu unaendelea vizuri mpaka sasa. Mambo yote yamekaa mahali pake, na mimi sijagombana na mtu yeyote.

Tulipokuwa tunakula jioni nilikuwa na raha mpaka nikasikia mdomo wangu ukianza kuongea. Nikamwambia Cucu mdogo kwamba Desemba, akifanya vizuri Sayansi, mimi na yeye tunapanda ndege. Maggie akaacha kutafuna.

Mtoto hakunijibu lile jibu lake la mlevi. Alifuta mikono, akaleta daftari, akaniomba kalamu, akauliza ni tarehe ngapi. Nikasema ishirini. Sijui ishirini nimeitoa wapi. Akaandika: tarehe ishirini, ndege, mimi na Daddy. Akapiga mstari chini kwa rula. Kisha akainua uso akaniangalia, na usoni hakuwa na shaka hata kidogo, alikuwa anangoja tu nimalize ili aandike.

Sasa mtu akiangaliwa hivyo atafanya nini? Nikaongeza farasi.